Mheshimiwa Aje Bila Hotuba

Dodoma,
18 Februari 2024

Shangazi yangu Saleha,

Shikamoo. Mimi mwanao ni mzima, kifua kimeniachia, na joto la huku nimelizoea isipokuwa vumbi lake. Natumaini goti lako limetulia, na Sabiha mjukuu wako anakuachia angalau robo ya kitanda. Baba alinipigia juzi kutoka Ngamiani, akalalamikia kuku wa jirani kuanzia mwanzo wa simu hadi mwisho. Kwa hiyo naye ni mzima.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu unayoijua. Mara ya mwisho nilipokutumia ujumbe wa simu, Sabiha aliusoma kwa sauti mbele ya wateja wako wa vitumbua, na mpaka leo watu wa Muheza wananiuliza kama yule mchumba alirudi. Barua hii anakuletea Rama, kondakta wa basi la Tanga. Nimemwambia akukabidhi wewe mwenyewe, si mtoto.

Sasa kaa chini. Waandaaji wa Tuzo za Asumini wamekuchagua kwa tuzo ya heshima, kwa kuimba taarabu maisha yako yote. Sherehe ni Jumamosi tarehe 25 Mei, Tanga mjini. Watakuja wenyewe kukuambia, nawe ujifanye hujui. Mimi nimejua mapema kwa sababu ratiba imeletwa ofisini kwetu: mgeni rasmi ni bosi wangu, Naibu Waziri, Mheshimiwa Tahiri.

Shangazi, ungeona mambo ya huku ungecheka mpaka ukae. Tangu mheshimiwa mmoja acheze kwenye tuzo za Dar na video yake ikazunguka nchi nzima, wenzake wote wameingiwa na mapenzi ya muziki. Zamani walikuwa wanagombea kuzindua visima, siku hizi wanagombea kufungua bahasha za washindi. Kuna mmoja amenunua miwani nyeusi kwa ajili ya zulia jekundu, na sherehe zenyewe ni za usiku. Bosi wangu si wa hivyo, huwa anakwenda kwa sababu anaitwa. Mimi ndiye ninayemwandikia hotuba, ninayembebea mafaili, simu na hata pochi, maana yeye hatembei na kitu mfukoni.

Sijamwambia kuwa wewe ni shangazi yangu. Hotuba ya siku hiyo nitaiandika neno kwa neno, na atakukabidhi tuzo kwa maneno yangu. Nikikumbuka nilivyokuwa nalala juu ya kasha la akodiani nyuma ya jukwaa wewe ukiimba, naona kazi hii nimepewa kwa ajili ya siku hiyo moja.

Mwanao,
Idarusi


Muheza,
3 Machi 2024

Kwako mwanangu Idarusi,

Marahaba. Barua nimeipata, Rama kanipa mkononi na kitumbua kakidai hapo hapo. Goti halijambo asubuhi, jioni linajisemea. Kristina, jirani yangu wa Kilutheri, anakusalimu. Kwaya yao imepata sare mpya za zambarau, naye amezivaa mpaka sokoni. Wiki ijayo tunaingia mwezi wa Ramadhani, kwa hiyo vitumbua vinahamia jioni. Ukipata tende nzuri huko, mpe Rama.

Wale vijana wa tuzo walikuja, mashati yamewabana mpaka nikawahurumia. Nilijifanya kushtuka vizuri sana, hata Kristina akakimbia kuniletea maji. Nimekubali. Ukumbini nitafika na kuimba nitaimba.

Lakini tuzo siipokei mkononi mwa huyo bosi wako. Atafutwe mwingine, hata mlinzi wa mlangoni. Na wewe usiniulize kwa nini.

Sabiha amefaulu hesabu, Mungu ashukuriwe, sijui kazitoa wapi. Nguo za baridi ulizoacha hapa Kristina kazitia dawa ya nondo.

Shangazi yako,
Saleha


Dodoma,
20 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Tende zimo kwenye mfuko wa khaki. Zikifika nusu, nusu nyingine iko tumboni kwa Rama.

Umenikataza kuuliza, nami siulizi. Nasema tu kwamba haiwezekani. Mgeni rasmi akiwa ukumbini, hakuna mwingine anayekabidhi chochote. Ndiyo itifaki. Mshereheshaji ataitaja itifaki mpaka watu waumwe kichwa, halafu tuzo kubwa ya usiku ikabidhiwe na mlinzi? Mimi nitaandika nini kwenye ratiba?

Tena kuna jambo limetokea, silielewi. Nilimpelekea Mheshimiwa orodha ya washindi. Akaisoma mpaka alipofika kwenye jina lako, akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Akaniuliza, "Huyu Saleha wa Muheza bado anaimba?" Nikamjibu bado anaimba. Akasema, "Haya," akageukia dirishani. Kesho yake akafuta safari ya nje iliyokuwa inagongana na tarehe hiyo. Shangazi, mheshimiwa kufuta safari ya nje! Ofisi nzima tulidhani anaumwa.

Kama alikukosea, niambie. Kama ni mambo ya siasa, mimi huyu huyu ndiye ninayemwandikia hotuba, naweza kumfanya aombe radhi kwa koma na nukta. Lakini usiniache gizani.

Idarusi


Muheza,
15 Aprili 2024

Mwanangu,

Idi imepita salama. Baba yako alikuja na kanzu mpya, akala pilau, akasinzia, akaamka akiuliza kama kuna pilau. Mvua za masika zimetukalia, barabara ya Amani ni utelezi mtupu, na biashara ya vitumbua inategemea huruma ya mawingu. Kristina alileta soda kreti nzima na akakaa na sisi siku nzima, akijua majina ya wageni kuliko mimi.

Haya. Nimeona nikuambie, maana hutaacha.

Tahiri alikuwa mume wangu.

Usishtuke kwa sauti, uko ofisini. Ilikuwa kabla hujazaliwa. Yeye alikuwa mwalimu kijana kule Maramba, mimi naimba na kundi letu kila Jumamosi. Alinioa akijua naimba. Sauti yangu ndiyo iliyomleta.

Wewe umeota meno nyuma ya jukwaa, desturi ya kutunza unaijua. Mwimbaji akikukuna moyo, hupigi makofi ukiwa umekaa. Unanyanyuka, unakwenda kwa mwendo wa muziki bila haraka, unafika mbele yake, unamtunza ulicho nacho, unarudi. Neno husemi. Waume wa wenzangu walikuwa wanapanga mstari kuwatunza wake zao. Wangu anakaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu aliyeingia kujikinga na mvua. Nikimuuliza, anasema mwalimu hawezi kuyumba mbele ya wazazi wa wanafunzi. Basi mimi nikawa natunzwa na waume za watu, na kila ubeti naimba nikiangalia kile kiti.

Halafu akaanza kupanda vyeo vya siasa. Wazee wake wakamwambia kiongozi hawezi kuwa na mke anayeimba ukumbini. Nikaambiwa nichague. Sikuchagua, niliendelea kuimba tu, na talaka ikaja kwa mkono wa mjomba wake. Leo huyo huyo anataka kusimama na mimi apigwe picha kwa sababu naimba! Wakati ule nyimbo zangu zilikuwa aibu, sasa zimekuwa zulia.

Talaka hainiumi. Ndiyo iliyoniletea marehemu mume wangu Sele, Mungu amrehemu, aliyenitunza kila Jumamosi mpaka nikamwambia abakishe hela ya mkaa. Kinachoniuma ni kile kiti cha nyuma. Nimezeeka nacho.

Baba yako alitaka kukuambia ulipopata kazi, nikamkataza. Kazi umeipata kwa kichwa chako, sikutaka uingie nayo ukiwa umebeba kisirani changu.

Basi sharti langu ni hili. Mheshimiwa aje bila hotuba. Nikiwa naimba, anyanyuke kama watu, aje kwa mwendo wa muziki, anitunze, arudi akae kimya. Akifanya hivyo, tuzo nitaipokea hata akinipa kwa mguu. Akishindwa, siipokei, na mbele ya kamera nitasema siipokei. Mwambie.

Saleha


Dodoma,
30 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisomea msalani, mahali pekee ofisini penye kitasa. Nilikaa humo mpaka mhudumu akagonga kuuliza kama naumwa. Nikamwambia naumwa.

Kila nikimtazama bosi sasa, namwona amekaa kiti cha nyuma. Jana alinituma chai, nikamletea bila sukari kwa makusudi. Akainywa na kunishukuru. Nikarudi mezani kwangu nikajiona mwovu.

Kuhusu sharti lako, nipe nafasi. Hujui maana ya kumwambia mtu kama yule anyanyuke. Akinyanyuka yeye, ukumbi mzima unanyanyuka, ndivyo taratibu zilivyo. Akikohoa, kuna mtu kazi yake ni kumletea maji. Na ni msimu wa bajeti, watu wanalala juu ya makabrasha. Mimi hata Tanga sitafika. Atakuja bila mimi, Jumamosi asubuhi, na Jumapili arudi, na mimi nimebaki hapa naandaa majibu ya Jumatatu.

Nimepanga wimbo wako utangulie hotuba. Hilo nimeliweza.

Baba kasema atakaa mstari wa mbele na kanzu ile ile ya Idi. Je, gauni umeshashona? Sabiha atakuwa na nani usiku huo?

Idarusi


Muheza,
12 Mei 2024

Idarusi,

Gauni limeshonwa, la kijani, limenipendeza mno. Sabiha anakwenda na sisi, nani wa kumzuia. Kristina atavaa sare ya kwaya kwa sababu hajapata nafasi nyingine ya kuivaa mjini. Kundi tunafanya mazoezi sebuleni kwangu, na mpiga akodiani amezeeka kuliko akodiani. Nitaimba wimbo wangu wa kwanza kabisa, ule wa wakati wa Maramba.

Umeniandikia habari za chai, sukari, kikohozi na makabrasha. Swali langu ni moja. Umemwambia, au hujamwambia? Andika ndiyo au hapana, karatasi iliyobaki fungia karanga.

Mwanangu, mimi siogopi kurudi nyumbani bila tuzo. Naogopa kuangalia kile kiti mara nyingine tena halafu kibaki vile vile. Ndiyo maana nataka nijue kabla sijapanda jukwaani.

Saleha


Dodoma,
23 Mei 2024

Shangazi yangu,

Hapana.

Sikumwambia. Kila nikishika kitasa cha mlango wake naona mkono wangu umegeuka wa mtu mwingine. Leo nimeingia kabisa, nimesimama mbele ya meza yake, nikafungua mdomo, nikamuuliza kama dirisha lifungwe. Nisamehe. Mtu anayeishi kwa kumwandikia mwenzake maneno, la kwake mwenyewe limemshinda.

Nilichoweza nimekifanya kwenye hotuba. Nimefuta takwimu zote, nimefuta mikakati na mustakabali. Nimebakiza ukurasa mmoja. Kuna mahali pana mtoto na kasha la akodiani, na akipasoma watu watashangaa anamzungumzia nani. Wewe utajua.

Namkimbiza Rama stendi na barua hii ikufikie kesho, kabla hujapanda jukwaani, usimsubiri bure. Imba uniangalie mimi. Fanya nimekaa mbele.

Idarusi


Muheza,
27 Mei 2024

Mwanangu Idarusi, mboni yangu,

Sisi wazima, tumechoka, sauti imenikauka na miguu imevimba, na sijawahi kufurahi hivi tangu Sabiha azaliwe. Barua yako ya kunijibu haikunifikia, nikasema basi, kijana ana bajeti. Nilipanda jukwaani sijui ndiyo wala hapana.

Najua umeshaiona kwenye simu, maana nchi nzima imeiona. Lakini simu zimeanzia katikati. Mimi nakuanzia mwanzo.

Ukumbi ulijaa. Waheshimiwa walikuwa wengi kuliko wasanii, na mwenye miwani nyeusi alikuwepo, akajikwaa kwenye zulia. Mshereheshaji akasema itifaki imezingatiwa, akaizingatia tena, kila anayeingia itifaki inazingatiwa upya, mpaka baba yako akauliza kwa sauti huyo Itifaki amekaa wapi. Tahiri alikuwa meza kuu, katikati. Amekuwa mzee. Nywele zimekwenda, kitambi kimekuja. Hakunitazama, nami sikumtazama.

Nikaitwa. Nikaanza. Sauti mwanzo ilikuwa na kutu kidogo, halafu ikafunguka. Ubeti wa kwanza watu wakaja kunitunza, baba yako wa kwanza, analia waziwazi. Ubeti wa pili macho yakanishinda, yakaenda meza kuu. Amekaa. Nikajiambia, Saleha, maliza wimbo wako ukale.

Ubeti wa tatu akanyanyuka.

Na balaa likaanza hapo! Aliponyanyuka yeye, meza kuu yote ikanyanyuka, ukumbi mzima ukanyanyuka, wengine wakadhani ni wimbo wa taifa wakabana mikono. Bwana mmoja alikuwa na sambusa mdomoni, akasimama nayo hivyo hivyo. Tahiri akaanza kuja. Walinzi wakamfuata, mmoja huku na mmoja huku, na muziki ule haukubali mtu aende kiaskari, mara nao wakawa wanayumba. Wakubwa wa meza kuu wakatazamana, wafuate au wabaki, wakaona salama ni kufuata. Idarusi, mstari mzima wa suti unanijia kwa mwendo wa taarabu! Kristina alipiga vigelegele vya kutosha kwaya yote, na Sabiha akasimama juu ya kiti.

Kucheza hajui. Mabega yanakwenda Pangani, miguu inakwenda Korogwe. Lakini hakufanya haraka, na hakuangalia kamera hata moja.

Akafika mbele yangu. Akatia mkono mfuko wa kulia, hamna kitu. Wa kushoto, hamna. Jasho likaanza kumtoka, na mimi nikakumbuka kuwa pochi unayo wewe Dodoma. Nikakirudia kiitikio. Nikakirudia tena, mpiga akodiani ananikodolea macho. Mwisho akatia mkono ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa, akanipa kwa mikono miwili. Akainamisha kichwa, akageuka, akarudi kukaa. Neno hakusema. Nyuma yake wale wakubwa wakanitunza mmoja mmoja, na hao walikuwa na pochi zao.

Nililia, mwanangu. Wanja wote ulishuka mpaka kidevuni na sikujali.

Mshereheshaji alipomwita kuhutubia, alitikisa kichwa. Angehutubia nini, hotuba ninayo mimi. Katika vurugu ile hakuna aliyekumbuka kunikabidhi tuzo yenyewe. Ilibaki juu ya meza mpaka watu wanatoka, Kristina akaitia kwenye kikapu chake na mabaki ya sambusa. Sasa iko dirishani, Sabiha kaiwekea asumini.

Karatasi nilisomewa na Kristina usiku ule ule, miwani yangu niliiacha nyumbani. Hapo penye mtoto aliyelala juu ya kasha la akodiani, asiyeogopa giza kwa kuwa anasikia sauti yangu, nilimwambia arudie. Tahiri hajawahi kulala juu ya kasha lolote. Kwa hiyo na wewe umenitunza, kwa mkono wa mtu mwingine, na nimeiweka kwenye sanduku la kanga zangu nzuri.

Nakushukuru kwa kumwambia. Najua ilikuwa kazi. Tena ulimwelekeza vizuri, hata ile ya kurudi bila neno hakuisahau. Ukija Idi Kubwa nitakupikia bokoboko.

Shangazi yako akupendaye,
Saleha

Nilikuwa nafunga bahasha, Rama kaingia na barua yako ya tarehe 23. Basi lao lilikufa gia Chalinze na mizigo ikalala huko siku zote hizi, masikini kanywea hata kitumbua hakudai. Nimeisoma nimesimama mlangoni, vitumbua vimeungua, wateja wanalalamika.

Kumbe hukumwambia.

Nimekaa kwenye kigoda nikacheka, halafu nikalia, halafu nikacheka tena, na Sabiha kakimbia kumwita Kristina. Miaka yote hii nilitaka mtu anyanyuke kwenye kile kiti bila kuitwa, na wewe kwa woga wako umenipatia.

Umesamehewa. Usimuulize kitu, Idarusi, na chai yake mtilie sukari. Lakini pochi, nakuomba, endelea kumbebea wewe.